Wimbo Usiomsema Mtu

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Ngamiani huniangalia mimi kwanza, kisha huangalia nyuma yangu. Anatafuta mtu wa pili. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwenye kona za barabara, na mnajua mimi nikisimulia kwa mdomo huruka mambo, basi nimeandika. Habari za pasi na viza siziweki humu. Zilinichosha wakati ule, na ninyi zitawachosha sasa. Someni, mkimaliza msiniulize tena.

Maandishi haya yakifika kwa asiyenijua, mimi ni Mbaruku, mpiga kinanda wa kikundi cha taarabu hapa Tanga. Mke wangu ni Zuhura. Hatukujaaliwa mtoto. Alikwenda Dubai kulea mtoto wa familia moja ya Kijapani, akamaliza mkataba wa kwanza, akaongeza wa pili. Huo wa pili ulikuwa unakwisha, naye hakuwa ameniambia kama anarudi au anabaki. Hilo ndilo lililonipandisha ndege.

Lazima mjue pia habari ya nyimbo. Simu za mtandao, za kuzungumza moja kwa moja, kule hazipiti kama huku, na simu ya kawaida ni ghali. Kwa hiyo tulitumiana sauti za kurekodi. Mwanzo zilikuwa ndefu: yeye ananieleza alichopika, mimi namweleza nani kaolewa na nani kanuna. Kisha zikafupika, kama zinavyofupika, na siku moja badala ya sauti yake ukaja wimbo. Mwanamke anaimba Kijapani, nyuma yake piano peke yake. Chini Zuhura aliandika: "Madam anampenda sana huyu dada. Anatunga mwenyewe, anaimba mwenyewe. Kwao anapigwa kila duka."

Sasa jamani, mimi ni mtu wa taarabu. Nimekulia kwenye kumbi ambako mtu anapashwa kwa wimbo, anangoja wimbo wake wa kujibu, ukipigwa anainuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji, macho yake yako kwa mbaya wake. Kwetu wimbo una mwenyewe. Mke akikutumia wimbo hakutumii ufurahi, anakutumia ujue.

Nikasikiliza nikitafuta kijembe. Kijapani sijui hata salamu, lakini nilijiambia sauti haifichi. Ule wa kwanza ulikuwa na makofi na mwendo wa haraka, nikaona ananiringia. Nikamjibu kwa taarabu ya mwanamume asiyebabaika. Akatuma wa pili, wa polepole, yule dada anakaribia kunong'ona, nikaona ananisikitikia. Nikamrudishia wimbo wa mtu asiyetaka huruma ya mtu. Tukaenda hivyo mwaka na zaidi. Tena nilikuwa najiona nashinda.

Kisha ukaja wa mwisho. Huo hauna makofi. Ukikaribia kumalizika, mwimbaji ananyamaza, piano inaendelea peke yake, halafu nayo inakatika njiani kama mtu aliyeitwa nje. Sikuweza kuujibu. Nikasema huyu sasa ananiita. Nikamwandikia kwamba nakuja, akajibu: "Karibu. Jumapili ndiyo siku yangu."

Tanga hadi Nairobi

Tiketi rahisi ilikuwa ya kupandia Nairobi, kwa hiyo nilianza kwa basi la Mombasa. Mkononi nilikuwa na begi moja na chupa ya achari ya embe aliyoitengeneza mama mkwe. Kinanda sikubeba. Hata kile kidogo cha kuwekwa mapajani nilikiacha juu ya kabati. Kumbukeni hilo.

Mpakani Horohoro achari ilitukalisha. Afisa aliifungua, akanusa, akamwita mwenzake naye anuse.

"Hii unampelekea nani?"

"Mke wangu. Yuko Dubai."

"Dubai kuna kila kitu, mzee."

"Hii hakuna," nikasema. Akaifunga vizuri kuliko nilivyoifunga mimi, lakini basi zima lilikuwa limeshaninunia.

Kutoka Mombasa nilichukua treni. Nairobi ndege ya Dubai ilichelewa, tukaambiwa tungoje, tukangoja mpaka watu wakavua viatu. Kiti cha pembeni yangu alikaa binti wa Kikenya, Mumbi, anarudi kazini baada ya likizo. Alikuwa na chapati kwenye mfuko, akanikatia nusu bila kuniuliza. Nilipomwuliza anafanya kazi gani kule, akasema ni mhudumu katika mgahawa wa Kijapani, mtaa wa Oud Metha. Mimi nikaacha kutafuna.

"Wanajua Kijapani hapo?"

"Chef ni Mjapani original. Why?"

Nikamweleza yote, kuanzia makofi. Alinisikiliza amefunika mdomo.

"Kwa hivyo wewe na wife mmekuwa mkidissiana na ngoma za Japan?"

"Tunajibizana."

"Eish! Kuja hapo, mzae. Kuja nikupeleke kwa chef akuambie hiyo ngoma inasema nini, juu hata mimi sasa nataka kujua."

Ndani ya ndege tulikaa mbali mbali. Nilisikiliza wimbo ule tena na tena mpaka simu ikazimika, na hata hivyo sikupata kitu.

Deira

Dubai nilifikia mtaa wa Deira, kwa Bi Salma, jamaa wa mpiga fidla wetu. Ni Mzanzibari, aliolewa Dubai mimi sijazaliwa, na Kiunguja chake hakijapoteza hata herufi. Alinipa chumba cha mwanawe aliyehamia Sharjah.

"Shikamoo, Bi Salma."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kitako. Umekula weye?"

Nilimwambia nimekula kwenye ndege. Akasema hicho si chakula, akaniletea mkate wa kumimina na chai. Kisha akaniuliza nimekuja kwa jambo gani hasa, nikamweleza.

"Sasa weye umemfuata mke, ama umeufuata wimbo?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ilikuwa Jumanne, na Jumapili ilikuwa mbali. Nilimwandikia Zuhura kwamba nimefika salama, akanijibu alhamdulillahi, yuko kazini, wana mambo mengi nyumbani. Ndiyo ikawa hivyo kila siku. Yuko kazini. Mji ule ule, treni moja tu katikati yetu, na nilimkosa kuliko nilivyomkosa nikiwa Tanga. Tanga nilikuwa na sababu ya bahari.

Siku hizo sijui niziandikeje. Mtu aliyezoea kusalimiwa na kila mlango, mweke Deira asubuhi. Nilianza na mazoea yangu, namsalimia kila ninayepishana naye, na watu wakawa wananikwepa wakidhani nauza kitu. Dalali mmoja wa mizigo aliitikia vizuri mno, akanishika mkono akaniingiza ofisini, akataka kujua kontena langu ni la ukubwa gani. Nilipomwambia sina kontena, nilikuwa nasalimia tu, akasema "khalas, yalla," akanionyesha mlango. Baada ya hapo nikaacha kusalimia. Mchana nilikula parata na dengu kwa Wapakistani, meza ya watu wanne, mimi peke yangu, mhudumu ananiwekea maji bila kunitazama usoni.

Jioni nilikuwa nashuka kwenye Khor, ule mkono wa bahari unaougawa mji, nalipa dirham yangu, napanda abra, ile mashua ya kuvushia watu, nafika ng'ambo, nageuka nayo narudi. Sikuwa na shughuli ng'ambo. Mle ndani watu hukaa bega kwa bega, basi, hiyo ndiyo ilikuwa shughuli yangu. Nilikuwa mpweke, waungwana, na sioni sababu ya kulizungukazunguka neno hilo.

Oud Metha

Ijumaa Mumbi alinitumia ujumbe nije kabla ya zamu ya jioni. Mgahawa ulikuwa mdogo, umefichwa kati ya zahanati na duka la miwani. Mpishi alikuwa mzee mwembamba, kitambaa cheupe kichwani. Akaniinamia, nami nikainama, akainama tena, nami sikutaka kushindwa, mpaka Mumbi akaniambia, "Inatosha, mzae, hamtamaliza."

Kwanza wakanilisha. Samaki alikuwa mtamu, nanasi halimfiki. Chai ilikuwa ya kijani, haina sukari, na nilipoomba sukari Mumbi alijifanya hakusikia. Lakini wali! Wali ulikuwa umeshikana wote, ukiuinua unakuja bonge zima. Mimi nimelelewa kwamba wali unaochambuka ndiyo heshima ya mpishi, na ukiharibika mgeni muungwana humliwaza. Nikamwambia Mumbi, "Mpe pole. Mwambie maji yakizidi hutokea, hata mama yangu yalimkuta."

"Hiyo siwezi translate."

"Mwambie, ni adabu."

"Mzae, vile iko ndivyo inafaa kuwa. Kula."

Nilikula. Yule mzee alinitazama nikimaliza, akafurahi, akaniongezea bonge jingine.

Kisha tukaufungulia wimbo. Mpishi aliposikia piano tu alitabasamu, akasema neno. Mumbi akasema kumbe anaujua, kila mtu kwao anaujua, binti yake alikuwa akiuimba bafuni. Ukapigwa wote, jikoni wote wakanyamaza. Kisha yeye akawa anasema kwa Kiingereza chake cha taratibu, na Mumbi ananifasiria kwa Kiswahili chake.

"Ni mtu amehama. Ameenda kukaa mji ingine. Sasa akiwa huko anakumbuka aliacha taa ya jikoni kwa ile nyumba ya zamani. Haijazimwa. Hajui kama kuna mtu ameizima ama bado inawaka."

"Halafu?"

"Halafu ni hiyo tu."

"Anaambiwa nani?"

Mumbi akamwuliza. Mpishi akafikiri kwa bidii, kama nimemwuliza jambo zito, akatikisa kichwa.

"Anasema haambiwi mtu. Ni wimbo tu."

Kwetu hakuna wimbo usiomwambia mtu. Nilimshukuru mzee kwa mikono miwili na nikatoka pale nimejaa. Nyumba ya zamani ni yangu. Taa ni yake. Imebaki inawaka, na mwenye kuambiwa ni mimi nisiizime. Nilitembea njia nzima mpaka Deira, jua kali vile, natabasamu peke yangu. Nikapita dukani nikamnunulia mke wangu begi kubwa jekundu la kurudia nyumbani.

Jumeirah Lake Towers

Jumapili nilifika mapema mtaa anaofanyia kazi Zuhura, nikaketi kando ya yale maji yao, katikati ya maghorofa, begi jekundu miguuni na achari mapajani. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amenenepa kidogo, anatembea haraka kuliko zamani. Mlinzi wa jengo alimwita kwa jina la mkato, akajibu kwa Kiingereza, wakacheka kwa jambo ambalo mimi silijui. Akafika. Akanishika mikono yote miwili. Kisha akaangalia nyuma yangu.

"Kinanda kiko wapi?"

"Kinanda cha nini?"

"Nilidhani utakuja nacho. Kile kidogo."

"Nimekuja kwako, Zuhura. Sikuja harusini."

Akatikisa kichwa polepole, akaketi. Nikampa achari. Aliifungua pale pale, akachota kwa kidole, akafumba macho, machozi yakamtoka, akasema ni pilipili. Tukaulizana habari za watu wote wa nyumbani, wazima na wafu. Tukanywa juisi. Ilikuwa raha, sitawaficha. Kisha akaweka bilauri chini.

"Wanahamia Singapore. Mwisho wa mwezi. Wanataka niende nao, na leo jioni madam anataka jibu."

"Na wewe wasemaje?"

"Nilikuwa nakungoja uje."

Hapo nikaona mlango uko wazi. Nikamwambia asijisumbue, maana nimeshamwelewa. Nikamweleza taa ya jikoni kama nilivyoelezwa, neno kwa neno, nikagonga lile begi jekundu, nikasema, "Ujumbe wako umefika. Nimekuja kukuchukua."

Zuhura alinitazama kama mtu anayehesabu.

"Kumbe ndivyo unavyosema," akasema.

"Nini?"

"Ule wimbo. Mbaruku, mimi maneno yake sikuwa nayajua. Namwimbia mtoto kila siku, lakini naimba kama kasuku. Sijamwuliza madam hata mara moja. Unaniambia wewe leo."

"Sasa ulinitumia wa nini?"

"Uupige!" Sauti ilimpanda, akaishusha. "Wewe si mpiga kinanda? Nilikuwa jikoni kwa watu, nasikia nyimbo nzuri, mtu wa kuniuliza zinanigusa wapi sina. Nikasema nitamtumia mume wangu, ataujaribu kwa mikono yake, ataniletea. Nisikie huu wa huku kwa mikono ya nyumbani. Kila nikituma, nangoja. Wewe unaniletea watu wanaotukanana."

"Nilidhani unanipasha."

"Nikupashe lipi? Ulinikosea nini?"

Nilitafuta kosa langu kwa dhati, walau moja lililostahili wimbo mzima wa Kijapani, sikuliona. Alikuwa hajanikasirikia hata siku moja.

Nikamwambia basi yaishe, turudi, nitampigia zote, asubuhi na jioni. Akanishika goti.

"Mwaka mzima nimesikia hasira yako. Hata kama haikuwa hasira, mimi ndivyo nilivyoisikia. Nikajizoesha kukaa bila wewe, na haikuwa kazi nyepesi. Leo umenieleza, nimekuelewa, hata nataka kucheka. Lakini siwezi kuyang'oa yote mchana mmoja."

"Utakwenda nao."

"Nitakwenda nao."

"Na mimi?"

"Wewe ni mume wangu. Sijasema sikutaki, nimesema leo siwezi kurudi."

Begi nilimwachia, alilihitaji kweli kwa safari yake. Alinisindikiza mpaka kituo cha metro, akasimama upande wa pili wa vile vilango vya kadi, amekumbatia chupa ya achari, na nilipogeuka mara ya pili bado alikuwa amesimama. Mara ya tatu watu walikuwa wengi.

Deira tena

Niliumia. Nilimweleza Bi Salma yote. Alinipakulia tu, akakaa nami mpaka nikamaliza.

"Mwanangu, wimbo mzuri ukipewa, shurti umtafute anayesemwa?" akasema, akaondoa sahani.

Kesho yake, siku ya ndege, niliingia duka la vyombo vya muziki. Vinanda vimepangwa ukuta mzima. Nilitaka kuupiga, kuurekodi, kumtumia kabla sijaondoka mji ule. Nikaweka vidole. Hakikuja kitu. Nikapata mwanzo, nikapata kipande cha mbele, katikati nikapotea, nikarudi, nikapotea pale pale. Nimeusikiliza wimbo ule mara zisizo idadi, mimi ninayesifiwa kwamba nikisikia mara moja ninao, na sikuwa nao. Nilikuwa nasikiliza maneno nisiyoyajua, muziki ninaoujua ukanipita. Muuzaji alinivumilia, kisha akasema kwa upole, "Sir, buying or playing?" Nikainuka nikaenda uwanjani.

Ndege ya kurudi haikuchelewa hata kidogo. Nilitamani ichelewe.

Nyumbani

Kile kinanda kidogo nilikishusha kabatini nikakifuta vumbi. Nikaanza na ule wa makofi, maana ni mwepesi, kumbe ni wimbo wa furaha tupu. Ule wa kunong'ona ukafuata. Wa taa ya jikoni ulinichukua muda.

Mliokuwa kwenye harusi ya Mikanjuni mliusikia. Waimbaji wamekwenda kula, mimi nikaupiga peke yangu, taratibu, bila maneno. Hata sijafika kati, kina mama wawili wameshainuka, kila mmoja na noti yake, wanaoneshana macho. Mmoja akaniinamia sikioni: "Hapa kapashwa nani, kaka? Niambie, maana nahisi ni jirani yangu."

"Hapashwi mtu, dada. Ni wimbo tu."

Akanitunza hivyo hivyo, akaenda zake akimcheka jirani yake.

Usiku ule ule niliurekodi nyumbani, nikautuma Singapore, bila neno chini yake. Nikaona ameusikiliza. Siku ikapita. Ya pili ikapita. Sikutuma kingine, ingawa mkono uliwasha.

Ya tatu ikaja sauti yake, fupi. Nyuma yake maji ya bomba yanamwagika, na mtoto anacheka kwa mbali.

"Pale katikati umekosea," akasema. "Rudia."

Basi ninyi majirani mnaouliza kwa nini kila jioni dirishani kwangu ni wimbo mmoja, na namsema nani, jibu mmelipata. Simsemi mtu. Narudia.